Shemeji Verlin na Kiti cha Uhakika

Shemeji yangu Verlin Haskamp hafungi mlango mara moja. Anaufunga, anausukuma, anatembea hadi kwenye gari, halafu anarudi kuusukuma tena, na sisi tumekaa garini tunachelewa kanisani. Kabla ya huo mlango ameshafunga maji ya nyumba nzima, eti bomba lisije likapasuka tukiwa tunaimba. Mvua inaweza kugoma msimu mzima, yeye ana mwavuli chini ya kiti. Nimekaa nyumba ya jirani na yeye na dada yangu tangu mume wangu alipofariki, na nakwambia ukweli, kuna siku nimetamani hilo bomba lipasuke, angalau roho yake itulie.

Aliuza bima hapa Orley, magharibi mwa Kansas, tangu ujana mpaka alipostaafu, na kazi ikamkaa mwilini. Kwake yeye kila kitu ni ajali ambayo bado haijatokea. Bahati nasibu hachezi. Kanisa likiuza tiketi za kubahatisha blanketi la viraka, blanketi ambalo mkewe mwenyewe amelishona, hanunui hata moja. "Lavonne," anamwambia dada yangu, "nikilitaka blanketi si nitakuomba unishonee?" Kamari ni dhambi, anasema, tena mbaya zaidi ni hasara.

Sasa huyo ndiye mtu aliyechukua akiba yote ya uzeeni akaiweka kwenye uchaguzi. Tulia, nakuja huko.

Mambo yalianza na mimba ya Shawna. Shawna ni binti yao wa pekee, anaishi Alaska, na mwaka ule alishika mimba akiwa na miaka arobaini, baada ya kupoteza nyingine kabla ya hapo. Mtoto alitarajiwa mwanzoni mwa Desemba. Lavonne alitaka awepo. Hakutaka kitu kingine chochote duniani, si gauni, si jiko jipya, alitaka kuwa pale mtoto akilia. Nauli ya ndege ni ghali, lakini Verlin hakukataa. Verlin hakatai kitu. Anasema "tutaona." Dada yangu ameolewa na "tutaona" maisha yake yote.

"Pesa mnazo," nilimwambia siku moja mezani kwao. "Zimelala tu benki."

"Shemeji, ile ni akiba," akasema. "Akiba haiguswi."

"Akiba ya nini, kama si ya jambo hili?"

"Ya dharura."

"Binti yako anajifungua kwa mara ya kwanza ana miaka arobaini! Unataka dharura ya namna gani tena? Nyumba iungue?"

"Nyumba ina bima," akasema, na hakuwa anatania.

Lavonne aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ni wakati huo huo Rodell Pruitt alipomwonyesha ile simu. Rodell alikuwa kocha wa mpira wa shule, naye anabeti chochote kinachosogea. Kila asubuhi wazee wetu wanakunywa kahawa kwenye mgahawa wa Nadine, meza ile ile, matani yale yale. Rodell akawaambia kwamba siku hizi kuna soko ndani ya simu ambako watu wanauziana ubashiri: nani atashinda uchaguzi, nani ataachishwa kazi, theluji itaanguka au haitaanguka. Unanunua "ndiyo" au unanunua "hapana". Ukipatia, kila kipande ulichonunua kinalipwa dola moja. Ukikosa, umeula wa chuya, pesa yote imekwenda.

"Hata Buhrle wetu yumo," Rodell akacheka mpaka akakohoa. "Tazameni! Kuna mwendawazimu kamtia Buhrle sokoni!"

Merrill Buhrle ndiye mbunge wetu kwenye bunge la Kansas. Ameshika kiti hicho tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi kwa hiari yao zenyewe. Mpinzani hana. Chama kile kingine kilishachoka hata kutafuta mtu wa kushindwa. Ukichukua ndoo, ukaipaka rangi ya chama cha Buhrle, jimbo letu litaipeleka bungeni na kuipigia makofi. Kwa hiyo pale sokoni hakuna aliyeuliza kama Buhrle atashinda. Waliuliza kama atapata asilimia tisini na saba ya kura au zaidi, na "ndiyo" ilikuwa inauzwa senti tisini na tano.

Verlin akavaa miwani. "Nani anauza hii?"

"Yeyote. Mtu wa New York huko, hana kazi."

"Hajui Orley."

"Hata Orley haijijui, mzee. Kunywa kahawa yako."

Verlin hakunywa. Alirudi nyumbani, haya yote amenisimulia mwenyewe, akatafuta matokeo ya chaguzi zote za nyuma. Kila mara Buhrle alipata tisini na tisa na ushee. Huo upungufu mdogo wa kura chache, Verlin aliujua ulikotoka, kwa sababu ulitoka kwetu.

Karatasi zetu za kura zina mstari mtupu chini ya jina la mgombea, kwa anayetaka kuandika jina la mtu mwingine. Kwa kuwa Buhrle anapita apende asipende, meza ya kahawa ilianzisha mchezo wake. Kila uchaguzi wanakubaliana kwa siri mtu mmoja wa hapa aliyetenda wema, kisha wanaandika jina lake kwenye ule mstari. Mwenyewe haambiwi. Anakuja kusikia karani wa kaunti akishatoa hesabu rasmi, na Nadine anapika, na watu wanakula. Mwaka mmoja alikuwa dereva wa basi la shule. Mwaka mwingine daktari wa mifugo. Ni kura za meza moja tu, na Verlin mwenyewe alikuwa akiandika kila mara.

Basi akapiga hesabu zake za bima. Akaziondoa kura za mchezo. Akaziondoa tena maradufu, kwa usalama. Buhrle bado alivuka tisini na saba, tena kwa mbali.

"Hii si kamari," akajiambia. "Hii ni riba."

Unaona alivyo? Faida ingetosha nauli ya watu wawili kwenda Alaska na kurudi, pamoja na koti zito la Lavonne. Uchaguzi ukiisha, akiba inarudi benki vile vile ilivyokuwa. Yaani ili akiba isiguswe, aliichukua yote akaipeleka kwa watu asiowajua. Alinunua kidogo kidogo kila asubuhi, ndani ya gereji, mlango umefungwa na kusukumwa.

Ambacho Verlin hakujua ni kwamba mwaka ule jina la mchezo lilikuwa lake.

Na kwa nini lisiwe? Kiangazi kilichotangulia ilishuka mvua ya mawe ambayo ilitoboa kila paa kuanzia hapa hadi mji wa Wick na mashamba yote ya jimbo. Kampuni aliyoifanyia kazi ikaanza kuwazungusha watu: paa hili lilikuwa kuukuu, lile liliharibika zamani. Verlin alikuwa anakaribia kustaafu. Angeweza kunyamaza akale pensheni yake. Badala yake alifunga ngazi juu ya pikapu, na kwa magoti yale mabovu akapanda paa baada ya paa, akapiga picha kila tundu, akawasumbua wakubwa wake mpaka wakachukia kuisikia sauti yake. Mapaa yote yakalipwa. Mtu akimshukuru alijibu, "Ulikuwa na haki nayo," anaondoka.

Siku ya kustaafu kampuni ilimtumia kadi ambayo hakuna mtu aliyeitia sahihi. Alipofika nyumbani akamwambia mkewe, kwa sauti anayotumia kusoma hali ya hewa, "Lavonne, nikifa uanze kutafuta wabeba jeneza mapema. Hata sita hawatapatikana."

Asubuhi dada yangu alikuja kwangu macho mekundu, amepandwa na hasira. "Twyla, huyu mtu atajua," akasema. "Sitamngoja afe ndipo ajue. Atajua akiwa hai!"

Alikwenda kwa Rodell, na kabla hajamaliza kusema meza nzima ilishakubali. Lakini meza moja haikumtosha. Alianza kuwapigia simu wanawake wa kila kanisa jimboni: Wamethodisti, Wamenonaiti, Wakatoliki wa Wick, hata wale wa kanisa la barabara kuu ambao hatuongei nao. "Paa lako unalikumbuka? Basi mwaka huu usimpe Buhrle. Andika Verlin Haskamp, na mumeo aandike, na midomo yenu muifunge."

Ilikuwa sinema, nakwambia. Dada yuko jikoni na simu, shemeji yuko gereji na simu. Shemeji akiingia, dada anasema kwa sauti, "Haya basi, keki mbili za malenge, asante," anakata. Dada akigonga gereji, shemeji anadaka spana, anajifanya anakaza kitu. Mimi siri ya dada nilikuwa nayo. Ya shemeji sikuwa nayo, nikadhani anatazama matrekta ya mnada kama wanaume wote wa hapa.

Oktoba akatuhubiria. Tulikuwa kwa Nadine, nami nimepita kuchukua mikate.

"Jamani," Verlin akasema, akaweka kikombe chini, "mwaka huu tupige kura kwa heshima. Huu mchezo wa kuandika majina umepitwa na wakati."

Rodell akajikuna shingo. "Kulikoni, mzee? Nani kakukera?"

"Hakuna. Buhrle ni mtu mwema tu."

"Buhrle hajatia mguu hapa tangu daraja lilipovunjika!"

"Hata kama. Kura si mzaha. Na mtu kama Nadine," maana mwaka ule hakuuliza jina ni la nani, alishajiaminisha kwamba zamu ile ni ya Nadine, "Nadine hahitaji kura. Anahitaji jiko jipya."

"Amina!" Nadine akapaza sauti kutoka nyuma ya kaunta, na kicheko kikamfanya amwage kahawa kwenye sahani ya mchungaji.

Nje Rodell alinishika mkono. "Amenusa huyu," akaninong'oneza. "Amenusa, na anaona haya. Mtu mnyenyekevu yule, we! Mwambie Lavonne aongeze bidii."

Nikamwambia, na Lavonne akaongeza.

Siku ya uchaguzi nilikuwa nyuma ya Verlin kwenye foleni. Alimpigia Buhrle, akaikagua karatasi, akaigeuza, akaikagua tena. Akipita karibu nami akasema, "Shemeji, usiandike upuuzi humo."

"Mimi? Mimi nimewahi kuandika upuuzi?" nikamjibu, nikaenda nikaandika jina lake kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Sasa, mashine za kaunti husoma tu majina yaliyochapwa. Yale ya kuandikwa kwa mkono yanangoja macho ya watu, na hesabu rasmi, ambayo ndiyo soko linalipia, huja wiki inayofuata. Kwa hiyo asubuhi baada ya uchaguzi matokeo yalionyesha Buhrle ana asilimia mia. Kule sokoni vile vipande vya Verlin vilipanda hadi senti tisini na tisa. Angeweza kuuza pale pale. Angeuza, angechukua akiba yake na nauli yake, na leo nisingekuwa na la kukusimulia. Hakuuza. Aliniambia alivyofikiri: kwa nini nimwachie mtu wa New York senti moja?

Akaingia jikoni. "Lavonne," akasema, "toa sanduku. Tunakwenda Alaska. Wote wawili."

Dada yangu alikaa chini, sakafuni, akalia akiwa na taulo la vyombo mkononi. Verlin alimpapasa bega asijue la kufanya. Kisha wakampigia Shawna, na kupitia ile simu nikamsikia mwanamke mzima akipiga kelele za mtoto: "Mama anakuja! Mama anakuja!" Nilifurahi mpaka nikasahau kumuuliza shemeji pesa zimetoka wapi.

Jumatatu iliyofuata karani akatoa hesabu, na Nadine akapika ile supu nzito ya nyama na maharage, na mikate ya mdalasini ya kulia nayo. Mgahawa ulifurika. Walikuja watu wa Wick, wakaja wakulima ambao huwaoni mjini ila kwa mazishi. Juu ya kaunta walitundika shuka nyeupe, imegeuzwa nyuma mbele. Verlin alifika amevaa tai, kwa heshima ya Nadine, na kama zawadi ya Nadine alikuwa amekumbatia mtungi wa kuzimia moto, kaufunga utepe.

Alipotia mguu ndani watu wote wakasimama. "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" Shuka ikageuzwa, na jina lake lilikuwa pale, herufi nyekundu, kubwa.

Rodell akapanda juu ya kiti. "Kwa mujibu wa kaunti!" akanguruma. "Merrill Buhrle, asilimia tisini na tatu! Na zilizobaki, karibu zote, Verlin Haskamp!"

"Soma tena," Verlin akasema.

Watu wakacheka. Walidhani anauonja utamu wake. Rodell akasoma tena kwa nguvu zaidi.

"Tisini na ngapi?"

"Na tatu, mzee! Haijawahi kutokea! Umemtoboa kama mvua ya mawe!"

Na Verlin akalia. Simjui Verlin wa kulia, hata mamake alipozikwa alikuwa akikagua kamba za jeneza. Alisimama na mtungi wake kifuani, machozi yakamshuka mpaka kwenye tai, na mgahawa mzima ukalia naye. Mkulima mmoja wa Wick, pande la mtu, akamkumbatia yeye na mtungi pamoja. Wakaanza kupita mmoja mmoja kumweleza habari za paa lake, paa la mama yake, paa la zizi.

"Na wewe uliandika?" akawa anamuuliza kila mmoja.

"Niliandika! Na mama mkwe pia!"

"Asante," alisema. "Ni nyingi mno. Hamkupaswa. Kweli kabisa, hamkupaswa."

"Msikieni!" Nadine akajifuta macho na aproni. "Msikieni unyenyekevu wake!"

Dada yangu alikuwa pembeni ya kaunta, mikono imeshikana kifuani, amependeza kuliko siku ya harusi yake. Nilimpenda siku ile mpaka nikaona uchungu.

Tulipotoka Verlin hakuwasha gari. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, mikate iliyobaki nimeipakata. Akaanza kusema, akatazama mbele, akasema yote: simu ya Rodell, gereji, akiba, ile senti moja. Alisema bila kujitetea, kwa mpangilio, jinsi alivyokuwa akieleza hasara za watu wengine. Nilitaka kumpiga na ile mikate.

Nikwambie mapema usikae roho juu: Lavonne alifika Alaska. Alimuuzia Rodell ile pikapu, hakumuuliza mtu, akaondoka peke yake, na mjukuu alilia yeye akiwa pale. Alikaa huko hadi majira ya kupanda. Wakati huo Verlin hakulala njaa hata siku moja, maana kila mwenye paa alimletea sufuria ya chakula. Lakini mwaka ule pesa hazikumuuma Lavonne kiasi hicho. Kilichomuuma kilikuja pale garini.

"Zote?" aliuliza.

"Zote."

"Na ulikuwa na uhakika."

"Nilipiga hesabu, Lavonne. Niliondoa kura za mchezo, nikaziondoa tena. Nilihesabu kila kitu."

Ndani ya mgahawa walikuwa wameanza kuimba.

"Kwa hiyo uliweka pesa zetu zote," dada yangu akasema polepole, "kwamba watu wa hapa hawakupendi."

"Sikuliona hivyo."

"Na mimi je?" Akamgeukia. "Kwenye hizo hesabu zako, mimi uliniweka nampigia nani?"

Verlin alishika usukani kwa mikono miwili, na gari halijawashwa.

"Buhrle," akasema.